Kilichopimika na Kilichohofiwa: Historia ya Upimaji wa Mazao Tanzu ya Klorini katika Maji ya Kunywa, 1974–2006

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna wanakemia walivyojifunza kupima kampaundi zenye halojeni ambazo huzaliwa pale klorini inapotiwa katika maji ya kunywa ili kuua vijidudu. Kampaundi hizo zinaitwa hapa mazao tanzu, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kuzitengeneza. Huzalika pembeni ya kazi kuu ya klorini. Kipindi kinachoangaziwa kinaanza mwaka 1974, zilipochapishwa taarifa mbili za kwanza kuhusu jambo hili, moja kutoka Uholanzi na nyingine kutoka Marekani. Kinaishia mwaka 2006, Marekani ilipotoa awamu ya pili ya kanuni zake za kudhibiti mazao hayo.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: kwa nini sheria za maji za nchi nyingi hutaja kampaundi nne tu za jamii ya trihalomethani, na pengine asidi chache, ilhali wanakemia wamekwisha kutambua mazao tanzu zaidi ya 700? Jibu linalotetewa ni kwamba orodha hiyo ilitokana zaidi na uwezo wa ala za maabara za miaka ya 1970 na 1980 kuliko ulinganisho kamili wa madhara ya kampaundi zenyewe. Kilichopimika kwa urahisi kiliingia katika sheria, na kwa kuwa kiliingia katika sheria, kiliendelea kupimwa. Suala hili si la wanahistoria wa sayansi peke yao. Nchi inayoazima kiwango cha ubora wa maji huazima pia historia iliyokizaa, pamoja na mapengo yake.

2.0 Klorini na kipimo kabla ya mwaka 1974

Matumizi ya kudumu ya klorini katika maji ya mijini yalianza mwanzoni mwa karne ya 20. Mji wa Middelkerke nchini Ubelgiji huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza, mwaka 1902. Mji wa Lincoln nchini Uingereza ulifuata mwaka 1905 kutokana na mlipuko wa homa ya matumbo, na Jersey City nchini Marekani ulianza mwaka 1908. Katika miongo iliyofuata homa ya matumbo ilipungua sana katika miji iliyochuja maji yake na kuyatia klorini, na dawa hiyo ikapata heshima ambayo ni dawa chache za afya ya jamii zimewahi kuipata.

Kwa miaka 60 hivi, mhudumu wa mtambo wa maji alipima mambo mawili kuhusu kazi ya klorini: kama bakteria waashiria kinyesi wametoweka, na kama masalia ya klorini yamebaki ya kutosha kulinda maji hadi kwenye bomba la mwisho. Swali la tatu, yaani klorini iliyotumika imekwenda wapi na imegeuka kuwa nini, halikuulizwa kwa utaratibu. Kiasi cha klorini kilichopotea kiliitwa hitaji la klorini la maji husika, na jina hilo likatosha kama maelezo.

Si kwamba kemikali za kikaboni hazikupimwa kabisa. Kanuni za Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani za mwaka 1962 ziliweka ukomo wa mikrogramu 200 kwa lita kwa kile kilichoitwa dondoo la mkaa na klorofomu. Maji yalipitishwa katika mkaa amilifu, vitu vilivyonaswa vikayeyushwa kwa klorofomu, klorofomu ikavukizwa, na mabaki yakapimwa uzito. Mbinu hiyo ilifaa kwa vitu vizito visivyovukizwa. Hata hivyo, haikuweza kamwe kuonyesha klorofomu iliyokuwamo ndani ya maji yenyewe, kwa kuwa klorofomu ndiyo iliyokuwa kiyeyushi, na hatua ya mwisho ilikuwa kuifukuza. Kampaundi ambayo baadaye ilikuja kuwa alama ya tatizo zima ilitumika kila siku mezani pa mpimaji bila yeye kuwa na njia ya kujua kwamba imo pia ndani ya sampuli. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba mbinu ya kupima huamua mapema nini kitaonekana na nini hakitaonekana.

3.0 Rotterdam na Cincinnati

Mabadiliko ya kiufundi yalitangulia ugunduzi. Kromatografia ya gesi ilienea katika maabara katika miaka ya 1950, na mwishoni mwa muongo huo James Lovelock wa Uingereza alitengeneza kitambuzi cha kunasa elektroni, ambacho huitikia kwa nguvu kampaundi zenye klorini au bromini na kuzipuuza nyingine nyingi. Kwa ala hizo mbili, viwango vya mikrogramu kwa lita viliweza kufikiwa. Lililobaki lilikuwa kuitoa kampaundi majini bila kuipoteza.

Johannes Rook, mwanakemia wa mamlaka ya maji ya Rotterdam, alitumia njia ya kupima hewa iliyo juu ya maji ndani ya chupa iliyofungwa. Kampaundi nyepesi huhama kutoka majini kwenda katika hewa hiyo kwa uwiano unaojulikana, hivyo mpimaji huvuta kiasi kidogo cha hewa na kukiingiza katika kromatografu. Kwa kulinganisha maji kabla na baada ya kutiwa klorini, Rook alionyesha kwamba klorofomu na kampaundi tatu za jamii yake zenye bromini zilizalika ndani ya mtambo wenyewe. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1974 katika jarida la Kiingereza la wataalamu wa usafishaji wa maji.

Uzito wa kazi yake ulikuwa katika hoja ya chanzo. Rotterdam ilitegemea mito iliyopokea taka za viwanda vya nchi kadhaa, na maelezo rahisi yangekuwa kwamba klorofomu ililetwa na viwanda hivyo. Rook aliielekeza shuku kwenye mata ya humiki, yaani rangi ya kahawia ambayo maji huipata kutoka katika majani na mimea iliyooza. Maelezo hayo yalibadilisha sura ya tatizo. Kama kitangulizi ni jani lililooza, basi hakuna mto ulio salama kwa sababu tu hauna kiwanda kandokando yake.

Mwaka huohuo, huko Cincinnati, Thomas Bellar, James Lichtenberg na Robert Kroner wa Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani walifikia matokeo yaleyale kwa njia nyingine. Walipuliza gesi isiyoathiri kemikali ndani ya sampuli ili ibebe kampaundi nyepesi, wakazinasa kampaundi hizo katika mrija wenye unga wa kufyonza, kisha wakaupasha mrija moto ili kampaundi ziingie katika kromatografu kwa mkupuo. Walifuata maji hatua kwa hatua ndani ya mtambo: mto ghafi ulikuwa na klorofomu kidogo mno, na kiwango kilipanda hadi makumi ya mikrogramu kwa lita baada ya klorini kutiwa. Mbinu yao ya kupuliza na kunasa ilikuwa na nguvu kuliko ile ya chupa iliyofungwa, kwa kuwa ilikusanya karibu kampaundi yote iliyokuwamo katika sampuli badala ya sehemu yake tu.

Mambo mawili ya utaratibu wa sampuli yalijitokeza mapema na yanaendelea kuwatesa wapimaji hadi leo. La kwanza, chupa lazima ijazwe pomoni bila kiputo cha hewa, la sivyo kampaundi huhamia katika hewa hiyo na kupotea chupa inapofunguliwa. La pili, klorini haiachi kufanya kazi kwa sababu tu maji yamechotwa. Sampuli iliyosafiri siku mbili bila kizuio hufika maabara ikiwa na klorofomu zaidi ya ile aliyokunywa mlaji. Kwa hiyo chembe za sodiamu thiosulfati au asidi ya askobiki hutiwa chupani ili kuimaliza klorini papo hapo. Lakini kizuio nacho huchagua: sodiamu salfaiti, kwa mfano, huzivunja kampaundi za jamii ya haloasetonitraili, kwa hiyo mpimaji aliyeitumia angeweza kuripoti kwa uaminifu kwamba hazimo.

4.0 Kutoka maabara hadi sheria

Matokeo ya Cincinnati yalifika wakati ambapo Marekani ilikuwa tayari na hofu kuhusu maji. Wakazi wa New Orleans walikunywa maji ya mto Mississippi, na mwezi Novemba 1974 shirika la kiraia la Environmental Defense Fund lilitoa ripoti iliyohusisha maji hayo na vifo vya saratani. Rais Gerald Ford alitia saini Sheria ya Maji Salama ya Kunywa tarehe 16 Desemba 1974.

Mwaka 1975 ukafanyika upimaji wa kitaifa katika miji 80, ukiongozwa na James Symons na wenzake. Trihalomethani zilipatikana kila mahali klorini ilipotumika, na klorofomu ilifikia mikrogramu 311 kwa lita katika mji uliokuwa na kiwango cha juu kabisa. Mwaka 1976 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba klorofomu, ikitolewa kwa dozi kubwa, husababisha saratani kwa panya wa maabara. Mwaka 1979 ikawekwa kanuni: jumla ya trihalomethani nne isizidi mikrogramu 100 kwa lita, kwa wastani wa vipimo vya robo nne za mwaka, katika mifumo inayohudumia watu zaidi ya 10,000.

Mpangilio wa matukio haya unahitaji kusomwa kwa makini. Kati ya kipimo cha kwanza na kanuni ilipita miaka mitano tu, na katika muda huo ushahidi wa sumu ulihusu hasa klorofomu, kwa wanyama, kwa dozi zilizozidi mno zile za maji ya bomba. Kampaundi nyingine tatu ziliingia katika kanuni kwa kuwa zilitokeza katika mkondo uleule wa kromatografu. Watunga kanuni wenyewe hawakudhani kwamba hizo nne ndizo zote. Walizichukua kama kiwakilishi cha kundi kubwa lisilofahamika. Kwa hali ya maarifa ya mwaka 1979 uamuzi huo ulikuwa wa busara. Tatizo lilianza pale kiwakilishi kiliposahaulika kuwa ni kiwakilishi.

5.0 Vilivyochelewa kuonekana

Asidi haloasetiki ni kielelezo kizuri cha kuchelewa huko. Huzalika katika maji yaleyale na kwa kiasi kinachokaribia kile cha trihalomethani, lakini hazivukizwi kirahisi kutoka majini, kwa hiyo mbinu ya kupuliza na kunasa haizioni. Ili kuzipima, mwanakemia alilazimika kuyatia maji asidi kali, kuzihamishia asidi haloasetiki katika kiyeyushi, kisha kuzigeuza kuwa esta za methili ambazo kromatografu inaweza kuzipokea. Hapo awali ugeuzaji huo ulifanywa kwa diazomethani, gesi yenye sumu inayoweza kulipuka. Maabara ya kawaida ya mji haikuwa na hamu ya kazi hiyo. Marekani ilidhibiti asidi hizo mwaka 1998, yaani miaka 19 baada ya trihalomethani, kwa ukomo wa mikrogramu 60 kwa lita kwa jumla ya asidi tano. Wakati huohuo ukomo wa trihalomethani ukashushwa hadi 80. Asidi haloasetiki zenye klorini na bromini ni tisa. Kutajwa kwa tano kulitokana kwa kiasi kikubwa na ukweli kwamba hizo ndizo zilizokuwa na viwango halisi vya kulinganishia na takwimu za kutosha wakati kanuni ilipoandaliwa.

Kielelezo cha pili ni kampaundi iliyopewa jina la MX. Watafiti wa Ufini waliikuta kwanza katika maji ya kupaushia massa ya karatasi kwa klorini, na baadaye katika miaka ya 1980 wakaitambua katika maji ya kunywa. Njia iliyowafikisha huko ilikuwa tofauti: walianza na jaribio la bakteria linaloonyesha kama sampuli hubadili jeni, kisha wakatafuta ni kampaundi ipi iliyokuwa ikifanya hivyo. MX ilipatikana kwa kiwango cha nanogramu tu kwa lita, yaani mara elfu na zaidi chini ya klorofomu, lakini ilibeba sehemu kubwa ya uwezo wa kubadili jeni uliopimwa katika baadhi ya maji. Aliyeanza na ala ya kemia alikiona kilichokuwa kingi. Aliyeanza na athari kwa kiumbe alikiona kilichokuwa kikali.

Kielelezo cha tatu kilitoka Ujerumani. Wolfgang Kühn na Heinrich Sontheimer wa Karlsruhe waliacha swali la majina ya kampaundi na kuuliza swali la jumla: ni kiasi gani cha halojeni kimeungana na mata ya kikaboni ndani ya maji haya? Mata hiyo hunaswa katika mkaa amilifu, mkaa huchomwa, na halojeni inayotoka huhesabiwa. Jumla hiyo ilipolinganishwa na kampaundi zote zilizotambuliwa moja moja, sehemu kubwa ya halojeni, mara nyingi nusu hivi au zaidi, haikuwa na jina. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu sumu. Thamani yake kihistoria ni kwamba kilikuwa cha kwanza kupima ukubwa wa kutojua kwetu na kuuweka katika tarakimu.

6.0 Hesabu ya jumla na maana yake

Kanuni ya mwaka 1979 ilijumlisha kampaundi nne kwa uzito. Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini una athari mbili. Kwanza, molekuli ya bromofomu ina uzito unaozidi mara mbili ule wa klorofomu, kwa hiyo maji yenye bromidi nyingi hufikia ukomo kwa molekuli chache zaidi. Pili, jumla huchukulia kwamba mikrogramu moja ya kampaundi yoyote ni sawa na mikrogramu moja ya nyingine.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichagua njia nyingine. Miongozo yake hutoa thamani kwa kila kampaundi: mikrogramu 300 kwa lita kwa klorofomu, 60 kwa bromodiklorometheni, 100 kwa dibromoklorometheni na 100 kwa bromofomu. Kila kiwango kilichopimwa hugawanywa kwa thamani yake ya mwongozo, na jumla ya migawanyo hiyo haipaswi kuzidi 1. Tuchukue mfano wa kubuni. Maji ya kwanza yana mikrogramu 90 za klorofomu peke yake. Maji ya pili yana klorofomu 10, bromodiklorometheni 40, dibromoklorometheni 30 na bromofomu 10, jumla yake pia ikiwa 90. Kwa ukomo wa Umoja wa Ulaya wa mikrogramu 100, maji yote mawili yanakubalika. Kwa ukomo wa Marekani wa 80, yote mawili yanakataliwa. Kwa kanuni ya WHO, maji ya kwanza yanapata 0.30 na kufaulu kwa mbali, ilhali ya pili yanapata 1.10 na kushindwa. Sampuli ni zilezile na ala ni ileile. Kinachotofautiana ni swali ambalo kila mtunga kanuni aliliuliza.

7.0 Hatari mbili katika mizani moja

Historia hii haipaswi kusomwa kama mashtaka dhidi ya klorini. WHO imesisitiza katika miongozo yake kwamba uuaji wa vijidudu usilegezwe kwa ajili ya kudhibiti mazao tanzu. Kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991 na kuugua watu zaidi ya 300,000 mwaka huo, lilienea dai kwamba maofisa walikuwa wameacha klorini kwa kuogopa saratani. Uchunguzi wa baadaye umelipinga dai hilo, ukionyesha kwamba mifumo mingi ilikuwa imechakaa na haikuwahi kutiwa klorini ipasavyo. Hata hivyo, dai lenyewe lina funzo: kipimo kinachotangazwa bila mizani yake kinaweza kugeuzwa silaha ya upande wowote.

Mizani hiyo inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulikumbusha kwamba ukosefu wa klorini huua kwa siku chache, wakati hatari ya mazao tanzu huhesabiwa kwa maisha mazima ya mnywaji. Wakati huohuo, mazingira yetu yana sababu zake za kudai vipimo. Maji ya mto Ruvu, yanayohudumia sehemu kubwa ya jiji hilo, hubeba tope na mata ya mimea msimu wa mvua, na rangi hiyo ndiyo aliyoishuku Rook. Katika ukanda wa pwani, visima kadhaa vimeingiliwa na maji ya bahari. Bahari ina takribani miligramu 65 za bromidi kwa lita. Kisima chenye sehemu moja ya maji ya bahari kwa sehemu mia hupata takribani mikrogramu 650 za bromidi kwa lita. Klorini huigeuza bromidi kuwa bromini yenye kasi, na pale penye mata ya kikaboni, mazao yenye bromini ndiyo hutawala. Maji ya aina hiyo yanafanana na maji ya pili katika mfano uliotolewa hapo juu, ambayo jumla ya uzito pekee haiwezi kuyatofautisha na ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba trihalomethani nne zilipata nafasi yake katika sheria kwa kuwa zilivukizwa kwa urahisi, zilitambulika kwa ala zilizokuwapo, na zilikutana na hofu ya umma ya mwaka 1974. Asidi haloasetiki zilisubiri hadi zilipopata mbinu, MX ilionekana kwa wale tu walioanza na athari kwa kiumbe, na sehemu kubwa ya halojeni iliyoungana na mata ya kikaboni imebaki bila jina. Kila hatua ilikuwa na mantiki ya wakati wake, lakini mkusanyiko wa hatua hizo haupaswi kuchukuliwa kama orodha ya hatari zilizopangwa kwa ukubwa wake.

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, matokeo haya yanaelekeza mambo matatu ya kiutendaji. La kwanza, masalia ya klorini yaendelee kupimwa kila siku na katika kila mtaa, kwa kuwa ndiyo kinga ya karibu. La pili, maabara yenye kromatografu iripoti kampaundi nne kila moja kwa nafsi yake badala ya jumla tu, ili kanuni yoyote iweze kutumika juu ya takwimu zilezile. La tatu, bromidi na mata ya kikaboni zipimwe katika maji ghafi, kwa kuwa vitangulizi husema mapema ni mazao gani yatarajiwe. Rook aliutambua ukweli huu kwa kuyapima maji kabla ya klorini na baada yake. Upimaji wa mwisho wa bomba peke yake usingemwonyesha chochote isipokuwa tarakimu.